Kukagua faiba mpya kabla hujasaini: anzia mtaroni, usingoje taa ya kijani (Nakuru, Kisumu na western)

fundi_mwanga

Wadau habari zenu. Naona siku hizi watu wengi hapa wanajikuta wamepewa kazi ya kupokea faiba mpya, kuna klaki wa kaunti, kuna wale wako na kampuni ndogo za intaneti huko Kakamega na Bungoma, kuna kamati za estate zimechanga pesa zikaita kontrakta, na swali linarudi lile lile: kontrakta anasema amemaliza, modemu imewaka kijani, spidi iko sawa, tusaini? Mimi nasema msisaini bado. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza mjue faiba iliyojengwa vibaya inaweza kufanya kazi vizuri kabisa siku ya makabidhiano. Laini nyingi za nyumbani ni GPON, yaani faiba moja inagawanywa kwa wateja wengi, na vifaa vya daraja la B+ ambavyo ndio vimejaa vinavumilia upotevu wa mwanga hadi desibeli 28 kati ya mtambo wa kampuni na kisanduku cha mteja. Sasa chukua laini ya kilomita 6, tuseme kutoka Kisumu mjini kuelekea Mamboleo. Glasi yenyewe kwenye mwanga wa nanomita 1490 inakula kama 1.5, splita (kigawanya mwanga) ya njia nne ikifuatwa na ya njia nane zinakula karibu 17.7, splaisi nane (pale faiba mbili zimeunganishwa kwa kuyeyushwa) za 0.1 ni 0.8, konekta nne za 0.3 ni 1.2. Jumla 21.2. Kwa hiyo kuna karibu desibeli 7 zimebaki, na kontrakta mbaya anajificha ndani ya hizo 7. Anaweza kukuachia splaisi ya 0.9, faiba imekunjwa ndani ya kloja (kile chombo cha kulinda splaisi), konekta iko na vumbi, na bado taa ni kijani na kila mtu anapiga picha na mheshimiwa.

Shida inakuja mvua ya Machi ikianza, ama nguzo ikiinama, ama siku unataka kuongeza wateja unakuta ile nafasi uliisaini ikaenda kitambo.

Na kazi ni nyingi. Tangu kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa 2009 nchi haijaacha kuchimba, na mpango wa kidijitali wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataja kilomita 100,000 za faiba. Kila kilomita hapo kuna mtu ataweka sahihi yake kusema iko sawa. Huyo mtu anastahili kujua anaangalia nini.

---

fundi_mwanga

Sasa mtaro. Nauweka mbele ya mashine zote manake ukifunikwa umefunikwa, hakuna mashine ya kukuonyesha kina kilikuwa ngapi.

Mikataba mingi ya kebo ya chini inaandika mita moja hadi 1.2, lakini soma wako usiende na yangu. Beba fimbo yako yenye alama na upime dakti (bomba la plastiki la kupitishia kebo) ikiwa imelala na bado iko wazi, na mahali pa kupima chagua wewe, si pale fomani anakupeleka akikuongelesha. Kina huwa kinapungua mahali pamoja kila siku: kwenye mawe, kwenye mizizi ya miti mikubwa, mbele ya maduka ambapo mwenye duka alikuwa anapiga kelele watu wamalize, na pale mtaro unakaribia kuvuka barabara. Tembea hizo sehemu kwa miguu. Mtu anakagua mtaro akiwa ndani ya pikapu hajakagua kitu.

Angalia udongo pia. Ukitoka Kisumu kwenda Ahero uko kwenye ule udongo mweusi wa tambarare za Kano, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka nyufa unaingiza mkono. Huo udongo unatembea, na ukitembea unavuta dakti inachomoka kwenye maungio. Hapo unataka mchanga ama udongo laini uliochekechwa chini na juu ya dakti, na kila ungio uangaliwe kama limekazwa. Nakuru ni kinyume, udongo wa volkano ni mwepesi unamwagika, na ukienda kwenye miteremko ya Menengai upande wa Kiamunyi mtaro ukirudishiwa udongo bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka, maji ya mvua yanaufanya mfereji wake. Mvua mbili tatu kubwa dakti iko nje watoto wanaruka juu yake.

Kitu kingine kidogo ambacho watu hawakiangalii ni tepu ya onyo. Inatakiwa ikae juu ya dakti kwa nafasi, kawaida kama sentimita 30 hivi. Nimeikuta mara nyingi imelazwa juu ya dakti yenyewe ndio kazi iende haraka. Hiyo tepu haina faida yoyote, mtu wa maji akichimba na jembe anaona tepu na kukata dakti kwa pigo moja.

Dakti ikishazikwa na kabla kebo haijapulizwa ndani kwa hewa, dai mandreli (kipimo kigumu kinachopitishwa ndani ya dakti) ipite mwanzo hadi mwisho ukiwa umesimama hapo. Kwa dakti ya 40/33, yaani milimita 40 nje na 33 ndani, chukua mandreli ya karibu asilimia 80 ya uwazi wa ndani, yaani kama milimita 26. Ikikwama, dakti imepondeka ama imekunjwa pale, pachimbwe. Alafu midomo yote izibwe na vizibo vyake. Mdomo ukiachwa wazi na karatasi ya nailoni imefungwa na waya, baada ya mwezi una tope ndani na panya wamehamia.

---

nax_trencher

Mkuu naheshimu, lakini niongee upande wetu. Mimi ni wa kuchimba. Kazi ikinifikia imepitia mikono mitatu, kila mkono umekata yake, na mimi nalipwa kwa mita. Ukinikutia mwamba hapo njia ya Njoro na unataka 1.2, vibarua wanakaa siku nzima mita chache na jioni wanataka pesa yao. Nani analipa hiyo? Mkaguzi anakuja na fimbo anasema rudia anaenda zake. Hatukatai kina, tunakatazwa na bei.

---

fundi_mwanga

@nax_trencher umesema ukweli na sitaki huu uzi uonekane unawapiga vijana wa mtaroni. Malipo ya mita peke yake yanaomba kina kiibiwe, na hiyo ni kosa la yule aliandika mkataba. Mkataba uliokaa vizuri una bei mbili, ya udongo na ya mwamba, na una kifungu kinasema mwamba ukipatikana kina kinaweza kupunguzwa kwa maandishi lakini dakti iingie kwenye bomba la chuma ama imwagiwe zege juu. Hiyo inaandikwa siku ile ile, mkaguzi na fomani wanaweka sahihi, picha inapigwa futi ikionekana, na mahali panawekwa kwenye ramani. Mkaguzi akisema rudia bila kusoma hicho kifungu anakuonea. Na wewe ukipata mwamba usifukie kimya kimya, piga simu kwanza, manake ukishafukia wewe ndio unabeba lawama.

---

klaki_wa_works

Asante sana kwa hii. Mimi niko upande wa Nyando, nimewekwa kusimamia na sijasomea faiba, nimesomea ujenzi. Mtaro naelewa. Sasa juu ya nguzo na zile chupa nyeusi naangalia nini? Siwezi kujua splaisi nzuri na mbaya.

---

fundi_mwanga

@klaki_wa_works unaweza, tena na macho tu. Hiyo chupa nyeusi ndio kloja. Usikubali kuiangalia kutoka chini, omba ishushwe. Na hapo tayari umeshafanya ukaguzi wa kwanza: kama haishuki kwa sababu hakuna kebo ya akiba imekunjwa kwenye nguzo, basi fundi aliisplaisi akiwa amesimama kwa ngazi kwenye upepo na vumbi la barabara. Dai akiba ya kutosha pande zote mbili, ndio kloja ifike chini mezani ama nyuma ya gari.

Ikishuka angalia inavyokaa. Zile za umbo la chupa kebo zinaingia kwa chini, midomo ikitazama ardhi. Ikiwa imelazwa ama imepinduliwa maji yanakaa kwenye mpira wa kuzuia hadi yapate njia. Zile ziko na valvu, tia hewa kiasi kile mtengenezaji ameandika alafu paka povu la sabuni, povu likipanda kuna tundu.

Fungua sasa. Hapa twende polepole. Ukiinua treyi ya kwanza (sahani ya kupangia faiba) unatakiwa uone faiba zimezunguka kwa duara pana, bila kubanwa na kifuniko, bila kupanda juu ya nyingine. Faiba ya kawaida ya G.652 haitaki duara la chini ya nusu kipenyo cha sentimita 3 hivi. Ukiona kona kali pale inaingia kwenye kishikio, hiyo kona ni mwanga unatoka nje, hata kama leo haionekani kwenye spidi. Alafu angalia slivu, vile vijiti vya plastiki vyenye waya wa chuma ndani vinavyofunika splaisi. Vingi ni milimita 60 ama 40. Splaisi inatakiwa ikae katikati, na ile sehemu iliyomenywa rangi iwe imeingia yote ndani ya slivu pande zote mbili. Ukiona kwenye mdomo wa slivu kipande cha faiba kisicho na rangi, kinang'aa tu, hiyo ni glasi tupu ya maikroni 125 imeachwa uchi. Itakatika. Si ati inaweza, itakatika, siku mtu atafungua treyi kuongeza mteja. Slivu yenye mapovu ndani ama iliyojikunja, ilitolewa kwenye joto mapema.

Rangi nazo zifuatane. Mpangilio ambao wengi wanatumia unaanza bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na mwisho ile bluu ya maji. Bluu kwa bluu, chungwa kwa chungwa. Ukikuta kijani imeungwa na kahawia kwenye kebo inayopita tu, uliza kwa nini, na jibu liandikwe.

Halafu kwa nyinyi wa Kakamega, Kisii na pande hizo radi haipumziki, kama kebo ina chuma ndani kile chuma kiunganishwe na kwenda ardhini kwenye kloja kulingana na mchoro. Kebo ya nguzo isiyo na chuma kabisa haihitaji hiyo. Nimeona waya wa ardhi umefungwa kwenye kloja vizuri, ukiufuata chini unaisha kwenye majani, haujaguswa na fimbo yoyote. Ufuate kwa mkono mpaka mwisho.

Na maji ndani ya kloja si ati yanazima laini siku hiyo hiyo. Ndio maana watu hawayaogopi. Glasi ikiwa imekunjwa alafu iko kwenye unyevu, nyufa zake ndogo zinakua polepole hadi inakatika yenyewe bila mtu kuigusa. Kwa hivyo kona kali na maji kwenye kloja moja ni kasoro ya kurudishwa siku hiyo.

---

kondele_saiba

Kaka mimi si fundi, niko na saiba Kondele. Waliniwekea faiba mpya na mtaa mzima uliwekewa, mpya kabisa. Kila mvua ikinyesha taa ya LOS inawaka nyekundu, ikikauka inarudi. Nikipiga simu wanasema nizime niwashe modemu. Wateja wangu wa KRA na wa kutuma maombi ya kazi wanaondoka. Hiyo ni nini?

---

fundi_mwanga

@kondele_saiba pole sana dada. Kuzima na kuwasha hakusaidii hapo, LOS nyekundu inasema mwanga haufiki kwa kisanduku chako, na kisanduku hakina makosa ya mvua.

Fanya hivi. Visanduku vingi vina ukurasa wa mipangilio unaoonyesha pawa ya mwanga unaopokelewa, imeandikwa kwa dBm, na namba ya hasi ikiwa kubwa zaidi mwanga ni mdogo zaidi. Isome siku ya jua uandike, isome mawingu yakianza kukusanyika uandike. Kwa hesabu niliyoweka juu, na mtambo ukitoa +3, nyumba ya kawaida inatakiwa iwe kama -18 hivi. Kifaa cha B+ kinafika mwisho wake kwenye -27. Kama yako siku ya jua ni -26, basi uko ukingoni tayari na kitu kidogo tu kinakuangusha: kebo ya kutoka kwa nguzo inalowa inakuwa nzito inajivuta, ama nguzo inasogea, ama kuna konekta ndani ya boksi la nguzo na boksi linavuja. Kama siku ya jua ni -19 na mvua inashuka ghafla hadi kuzima, hapo tafuta kitu kinachosogea, kebo imebanwa kwenye kona ya bati ama ndoano.

Usiwaambie "intaneti ni mbaya", waambie "siku ya jua ni -26, mvua ikianza inapotea". Hiyo wakiiandika kwa tiketi hawawezi kukujibu uzime uwashe. Na waulize fundi akija afungue boksi la nguzoni, asiishie kwa nyumba. Aangalie pia konekta: kichwa cha kijani kimekatwa mshazari nyuzi 8, cha bluu kiko sawa. Kijani ikichomekwa kwa bluu inaingia vizuri tu lakini nyuso hazigusani, unapoteza desibeli kadhaa. Kwenye kazi za haraka hiyo inatokea kuliko mtu anavyofikiri.

Tafadhali usichungulie ule mdomo wa konekta kuona kama mwanga upo. Hauonekani na macho na unaumiza jicho.

---

poly_yr2

Mkuu niko mwaka wa pili hapa poli, tulifanya OTDR, ile mashine ya kupima faiba, lakini kwa nadharia zaidi. Attachment nilienda Nakuru nikaona grafu moja splaisi inaonyesha mwanga umeongezeka badala ya kupungua. Fundi akaniambia hiyo ndio splaisi bora zaidi. Ni kweli?

---

fundi_mwanga

@poly_yr2 hapana si kweli, na nafurahi umeuliza.

OTDR haipimi mwanga unaofika upande wa pili. Inatuma mapigo ya mwanga alafu inasikiliza kile kidogo kinachorudi nyuma kutoka kwa glasi yenyewe. Sasa faiba mbili zikitofautiana kidogo kwa upana wa njia ya mwanga, tuseme kebo za watengenezaji wawili, ya pili inaweza kurudisha mwanga zaidi kuliko ya kwanza. OTDR inadhani mwanga umeongezeka. Ukipima kutoka upande ule mwingine, splaisi ile ile inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Mfano upande A inaonyesha ongezeko la 0.08, upande B inaonyesha upotevu wa 0.22. Toa 0.08 kwa 0.22 ugawanye kwa mbili, unapata 0.07. Hiyo ndio splaisi yako, nzuri tu, si ya ajabu. Mtu akipima upande mmoja peke yake hajui kitu, anaweza kukatalia splaisi nzuri na kupitisha mbaya. Kwa hivyo pande mbili, kila kori (kila uzi wa faiba ndani ya kebo), hakuna njia ya mkato.

Na mawimbi mawili, 1310 na 1550. Hii ndio napenda kuliko zote manake inakuonyesha tofauti ya splaisi mbaya na kona. Splaisi mbaya inakaribia kuwa mbaya sawa kwenye mawimbi yote mawili. Kona inavuja zaidi kwenye wimbi refu. Ukiona kwenye kilomita 2.3 kuna 0.05 kwa 1310 na 0.4 kwa 1550, usimtume fundi akasplaisi upya, atakata bure. Mwambie akafungue kloja aangalie treyi, ama atembee aangalie kebo imebanwa wapi. Utakuta tai ya plastiki imekazwa kwa hasira kwenye nguzo.

Tumia kebo ya kuanzia, mita 500 hadi kilomita, na nyingine kama hiyo mwishoni. Bila hizo konekta ya kwanza inamezwa na ule upofu wa mwanzo wa mashine na ya mwisho huioni kabisa, na konekta ndio sehemu inachafuka zaidi. Na kabla ya kuchomeka chochote angalia uso wa konekta na darubini yake, safisha, angalia tena. Njia ya mwanga katikati ya faiba ni maikroni 9 tu, chembe moja ya vumbi la Nakuru inaifunika yote, na ukiichomeka hivyo unaisaga kwenye glasi ya upande wa pili, sasa una mbili mbovu.

Usidanganywe pia na ile namba ya mashine ya kusplaisi, ile 0.01 ama 0.02 kwenye skrini. Hiyo mashine imekisia kwa kuangalia picha ya faiba, haijapima. Fundi akikuonyesha picha za skrini kama ripoti mwambie asante, sasa tulete OTDR.

---

klaki_wa_works

Sasa hapa ndio nimekwama. Nimeletewa flashi iko na faili za OTDR za kebo ya kori 24, ripoti imechapishwa vizuri na rangi, kila splaisi imeandikwa imepita. Mimi nitajuaje ni za kweli?

---

fundi_mwanga

Kaka hii ndio sehemu ya kuwa macho. Ripoti ya PDF haikusaidii, dai faili zenyewe za .sor, zile OTDR inahifadhi yenyewe, na uzifungue na programu ya kusoma, zipo za bure.

Kori 24, pande mbili, mawimbi mawili, hizo ni grafu 96. Kila moja ikisikiliza sekunde 30 ni dakika 48 za mashine peke yake, bila kuhesabu kuchomoa, kusafisha, kuchomeka, na safari ya kwenda upande wa pili. Sasa angalia saa iliyo ndani ya faili, si ile ya kompyuta inayobadilika ukikopi. Kama kori 24 zote zimepimwa ndani ya dakika tano, hakuna mtu alipima, kuna mtu alikopi na kubadilisha majina.

Alafu weka grafu juu ya nyingine. Kori mbili tofauti haziwezi kufanana mpaka ule mchirizo wa kelele mwishoni. Kelele ni ya bahati nasibu, kila kipimo kina yake. Zikifanana hadi kelele, ni faili moja. Urefu nao unatofautiana kidogo kutoka mrija mmoja wa rangi hadi mwingine.

Linganisha pia na namba za mita zilizochapishwa kwenye ganda la kebo. Faiba ndani ya kebo ni ndefu kuliko kebo kidogo, asilimia moja mbili, kwa hivyo OTDR inasoma zaidi ya ganda. Ikisoma kidogo kuliko ganda, ama mpangilio wa mashine si sahihi ama hiyo si kebo yako.

Angalia mteremko wa glasi pia, sehemu zisizo na splaisi. Faiba ya G.652.D ya siku hizi inasoma karibu 0.35 kwa kilomita kwenye 1310 na karibu 0.2 kwenye 1550. Ukipata kipande kirefu kinateremka kwa 0.3 kwenye 1550 kebo hiyo ilivutwa kwa nguvu ama iko kwenye mvutano mahali.

Lakini dawa yenyewe ni kuwepo. Chagua kori chache mwenyewe, mwambie fundi apime tena ukiwa umesimama nyuma yake, linganisha na zile za flashi. Zikitofautiana sana, kazi yote inapimwa upya na gharama ni yake.

---

nax_trencher

Hii ya kukopi faili ipo, sitakataa. Lakini wakati mwingine ni kwa sababu OTDR imekodishwa kwa siku na kontrakta anataka airudishe jioni.

---

fundi_mwanga

Ndio, na ndio maana siku za kupima ziandikwe kwenye ratiba tangu mwanzo zikiwa na bei yake, kama vile mtaro una bei yake. Kupima kukiwa ni kitu cha mwisho kisicholipwa kutafanywa usiku kwenye hoteli.

---

klaki_wa_works

Swali langu la mwisho. Nikikataa kusaini naambiwa nazuia mradi wa wananchi. Shule na dispensari zinangoja. Kuna presha kutoka juu.

---

fundi_mwanga

Najua hiyo presha. Usikatae kwa mdomo na usisaini yote. Andika orodha ya kasoro, kila kasoro na mahali pake, namba ya nguzo ama kloja, picha, na tarehe ya kurekebishwa. Saini kile kimepita, kebo hii kutoka hapa hadi hapa imepita, hii bado. Shule inaweza kuwashwa kwenye kori zilizopita huku zingine zinarekebishwa, hakuna mtu amezuia mtoto yeyote. Na pesa ya kushikiliwa, ile mikataba mingi inaweka kati ya asilimia 5 na 10 hadi kipindi cha dhamana kiishe, usiruhusu iachiliwe mapema. Hiyo pesa ndio itamrudisha kontrakta mvua zikishapita.

Ukiweza panga ukaguzi wa pili baada ya msimu mmoja wa mvua ndefu, Nyando mnajua mafuriko kuliko mimi. Tembea mtaro wote uangalie palipodidimia, fungua kloja za chini kwenye handiholi (yale mashimo ya kebo yenye vifuniko) uangalie maji, pima kori zile zile ulinganishe na zile .sor za mwanzo. Kwa hivyo hizo faili za siku ya kwanza zihifadhiwe ofisini kwenu mahali pawili, si kwa kontrakta, na majina yake yasomeke: kutoka wapi kwenda wapi, kori namba gani, wimbi gani, upande gani. Kebo ikikatwa na tingatinga baadaye, mtu wa zamu anachukua ile grafu ya zamani na mpya, anaona kwenye kilomita ngapi, anaenda moja kwa moja badala ya kutembea barabara nzima usiku na tochi.

Kama mtaro wenu bado una sehemu iko wazi, anza hapo kesho asubuhi kabla vibarua hawajafika. Hizo kloja zinaweza kungoja Alhamisi.

---

klaki_wa_works

Kuna kama mita 400 ziko wazi karibu na daraja. Naenda na fimbo.

---

kondele_saiba

Nimesoma ile namba saa hii, jua liko, inasema -25.8. Nimepiga picha ya skrini.

---

fundi_mwanga

@kondele_saiba uko ukingoni kabisa. Itume leo na uulize jirani zako wawili watatu kwenye nguzo hiyo hiyo wasome zao. Wote wakiwa hapo -25 kuendelea, shida iko kwa boksi ama nyuma ya boksi. Ukiwa peke yako, ni ile kebo ya kutoka nguzoni kuja kwako, na hiyo fundi anaimaliza kwa nusu saa.